Herufi Yenye Kutu

Afande alimvunja Kitinda mkono wa kulia siku ya Jumanne asubuhi, kwa kirungu chake cha kazini, eti kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Haikuwa chai. Mwanamume aliyeamka na hamu ya kupiga hakosi sababu. Asingepata chai angepata kijiko. Alimpiga mara tatu mahali pamoja, kwenye kiwiko, bila haraka, kama mtu anayepigilia msumari ukutani. Kisha akavaa kofia yake, akaenda zake lindo.

Hakuwa afande wa jeshi lolote. Alikuwa mlinzi wa ghala la vitambaa, lakini sare aliipiga pasi mpaka ikasimama yenyewe, na suruali aliichomeka ndani ya mabuti meusi yaliyong'aa, ndiyo maana wakwe zake wakampa jina hilo kwa utani. Jina lenyewe alilipenda. Kitinda, mkewe, alikuwa mtoto wa mwisho kwao, na wa kwanza alikuwa dada yake, mtafiti wa maabara, ambaye kazini walimwita Fuwele kwa sababu kazi yake ilikuwa kukuza fuwele ndogo kuliko punje ya chumvi. Kati ya wale wawili walizaliwa wengine watatu, na wote hawakudumu. Kwa hiyo Fuwele alikuwa na mdogo mmoja tu duniani, na mdogo huyo ndiye aliyekuwa anavunjwa.

Wiki sita baadaye, plasta ilipotolewa, Mjomba aliitisha kikao sebuleni kwake. Huyu Mjomba, kaka wa marehemu mama yao, alijipa kazi ya kurekebisha ndoa za ukoo mzima, wala hakuna aliyemwomba. Alikuwa na daftari la kazi hiyo, na utaratibu wake haukubadilika: mume aombe radhi, mke aseme amesamehe, maafikiano yasomwe kwa sauti, kisha wawili hao wapeane mikono juu ya meza. Mwisho kabisa, mkubwa wa upande wa mke anaweka mkono wake juu ya hiyo mikono miwili. Bila mkono huo Mjomba hakufunga daftari. Tangu baba yao afariki, mkono huo ulikuwa wa Fuwele, na alikwisha kuuweka mara mbili.

Siku hiyo Afande hakuja na sare. Alivaa shati jeupe, akakaa upande upande kwenye kiti. Shavu la kushoto, lenye alama za kucha za Kitinda, alilielekeza ukutani. La kulia, safi kabisa, akawageuzia wao. Akalia. Machozi yalimtoka kweli, si ya kuigiza, na huo ndio ubaya wake.

"Shemeji, mimi si mnyama," alimwambia Fuwele. "Hasira zinanizidi nguvu. Nipeni nafasi ya mwisho."

Fuwele alimtazama kwa makini, kama alivyozoea kutazama vitu, akaona mtu anayejuta. Alikuwa pia na haraka. Alikuwa ameacha fuwele zake kwenye sahani.

"Peaneni mikono," Mjomba akasema.

Afande akanyoosha wake mpaka katikati ya meza, akasubiri. Kitinda akanyoosha wa kwake, lakini mfupa uliunga vibaya, na kiwiko kiligoma. Vidole vyake vilikwama hewani, shibiri moja kabla ya kufika. Afande hakujisogeza. Mjomba akakohoa. Saa ya ukutani ikasema imeshapita saa tano. Ndipo Fuwele akaweka kiganja chake nyuma ya kiwiko cha mdogo wake, akasukuma, taratibu tu, kwa nia njema. Kitu kikalia ndani. Kitinda akatoa sauti ndogo, kama mtu aliyekanyaga jiwe, na mikono ikakutana. Fuwele akaweka wake juu.

"Yamekwisha hayo," Mjomba akasema, akafunga daftari. Wakaletewa soda.

Kazi ya Fuwele haikuwa ngumu kuieleza, ila watu walikuwa wanasinzia kabla hajamaliza. Ndani ya kila chembe ya mwili mna maandishi marefu ya DNA, na herufi zake huharibika kila siku, maelfu kwa maelfu. Wako mafundi wa kuzirekebisha, vimeng'enya. Mmoja anakata herufi mbovu na kuacha pengo. Wa pili anachukua herufi mpya kutoka kwenye zile zinazoelea karibu naye, anajaza pengo. Wa tatu anaziba mshono. Tatizo ni hewa. Oksijeni hiyo hiyo inayotuweka hai inazila herufi zikiwa bado zinaelea, inazitia kutu kabla hazijaandikwa popote. Swali la Fuwele lilikuwa juu ya yule fundi wa pili: akipewa herufi yenye kutu, ataitema au ataiweka?

Alikuwa na namna yake ya kumuuliza. Alimkuza fundi ndani ya fuwele, akiwa ameshika kipande cha DNA chenye pengo la herufi moja. Alimdondoshea herufi yenye kutu, akaminya saa ya sekunde, kisha akaichovya fuwele kwenye naitrojeni ya maji, baridi inayosimamisha kila kitu pale pale kilipofikia. Moja aliigandisha kwenye sekunde ya kumi, nyingine ishirini, nyingine arobaini, ya mwisho tisini. Halafu alizipiga miale ya eksirei, na kompyuta ikamchorea fundi alikuwa anafanya nini kila mara.

Naitrojeni ililetwa na mzee mmoja aliyeitwa Fundi Gesi, mwenye vidole tisa vya miguu. Cha kumi kiliganda ndani ya kiatu zamani hizo, kikakatwa. "Tisa vinanitosha, sikimbii mashindano," alikuwa anasema. Mlangoni alikuwa amebandika tangazo kwa mkono wake mwenyewe: SURUALI NJE YA BUTI. Kila mgeni alimweleza maana yake.

"Ikikudondokea mkononi inateleza, inakukimbia yenyewe. Lakini ikipata pa kujificha, kwenye soksi, kwenye kiatu, umekwisha. Inakaa humo inakula, na wewe unahangaika na kamba."

Wiki tatu baada ya kikao, picha ya sekunde ya tisini ilijichora mbele ya macho ya Fuwele. Fundi alikuwa ameipokea herufi yenye kutu. Hakuwa amelazimishwa wala hakuwa mgonjwa. Alifanya kazi yake kwa uaminifu wote. Herufi ilikuwa imejigeuza ubavu. Upande wenye kutu iliuficha, upande mzuri ikauelekeza kwa herufi mwenzake ya upande wa pili, ikashikana naye barabara, na fundi akaridhika, akaifunga humo. Baada ya hapo mambo yaliharibika: ncha ya uzi wa DNA ilikaa kombo, na yule fundi wa tatu asingeweza kuziba. Mshono ulibaki wazi, na mshono wazi ndio unaoua chembe.

Fuwele alikaa akitazama ule ubavu. Aliliona shavu la kulia, safi, limegeuzwa kwao. Akaikumbuka ile sauti ndogo ya Kitinda, akajua ilikuwa ya maumivu. Alikuwa amekisukuma kiwiko cha mdogo wake mwenyewe kwa mkono wake mwenyewe.

Akapiga simu. Kitinda alipokea kwa kunong'ona.

"Amekupiga tena?"

Ulisikika mlango ukifungwa taratibu.

"Kitinda."

"Dada, si tulishasema yamekwisha?"

"Nilikosea mimi. Kesho akienda lindo, toka. Usibebe kitu. Njoo huku kazini kwangu, huku kuna geti, kuna walinzi. Tukitoka hapa tunakwenda kwangu, na hurudi."

Lilikuwa wazo zuri. Kosa lake ni kwamba lilitegemea geti.

Kesho yake Kitinda alifika saa tatu na nusu. Mdomo ulikuwa umepasuka na damu imekaukia kwenye kola. Jino moja la mbele halikuwepo. Alikuwa amelifunga kwenye leso, hata mwenyewe hakujua kwa nini. Fuwele alimketisha kwenye stuli, akamfuta damu. Mezani fuwele nne za kurudia jaribio zilikuwa zinasubiri, na mkono usiokuwa na la kufanya ungemtia wazimu. Akajaza naitrojeni kwenye jagi la lita nne, akainama kwenye hadubini.

"Kaa hapo. Namaliza hii moja, tunaondoka."

Akadondosha herufi. Akaminya saa.

Afande alifika sekunde ya thelathini na kitu. Hakwenda lindo, alijificha nyuma ya kibanda cha vocha akamfuata mkewe mpaka getini. Pale mlinzi aliona sare iliyopigwa pasi, beji, mabuti yanayong'aa, akampigia saluti na kumfungulia. Hata jina hakumwuliza.

Mlango uligonga ukuta. Hakusema neno. Kirungu cha kwanza kilimpata Kitinda begani akaanguka na stuli yake. Cha pili kilivunja hadubini, na vioo vikaruka mpaka dirishani. Fuwele alimrukia mgongoni. Akatupwa kwenye rafu ya chupa, zikamporomokea, paji la uso likachanika na damu ikamwingia jicho moja. Kwa lile jicho lililobaki alimwona Afande amepiga goti la kulia juu ya kifua cha mkewe, mguu wa kushoto ameukanyagia sakafuni, mikono yote miwili shingoni. Miguu ya Kitinda ilikuwa inapiga sakafu. Halafu ikawa inapiga polepole.

"Nilikuambia utatoka ukiwa maiti," Afande alikuwa anasema, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Nilikuambia au sikukuambia?"

Fuwele alishika jagi. Kichwa kilikuwa pale, karibu, na uso, na macho. Lakini alijua baridi ile inavyoteleza kwenye ngozi ikakimbia. Akatazama chini. Suruali ilikuwa ndani ya buti.

Akammwagia paja la kushoto, lita zote nne, iteremkie butini, taratibu, kama mtu anayejaza mtungi bila kumwaga.

Moshi mweupe ulifumka ukawafunika. Afande alicheka mwanzoni, alidhani ametishwa kwa mvuke. Kisha cheko likakatika. Aliachia shingo, akapiga ukelele ambao Fuwele hakuwahi kuusikia kwa mtu mzima, akajitupa chali akilishika buti la kushoto. Kengele ya ukutani, ile ya kuonya oksijeni ikipungua, ikaanza kulia. Fuwele akafungua dirisha, akamshika Kitinda makwapani, akamburuta mpaka koridoni. Akaweka sikio kifuani. Kulikuwa na pumzi, ya kukwaruza, lakini pumzi.

Akarudi ndani.

"Shemeji! Kata! Kata kamba!" Afande alikuwa anavuta kamba za buti zilizokakamaa kama waya. Ngozi ya vidole vyake ilinata kwenye chuma cha tundu za kamba na kubaki humo. "Mkasi, shemeji! Kata!"

Mkasi ulikuwa mezani, umbali wa mkono. Fuwele akauchukua. Kisha akachukua na saa yake ya sekunde, akaiminya ianze upya.

Kwenye kumi, Afande alimtukana yeye na mama yake. Kwenye ishirini aliomba msamaha, machozi yakimtoka, ya kweli kama siku zote. Kwenye arobaini alimwita mama yake mwenyewe. Baada ya hapo akaanza kunyamaza, kwa sababu mguu uliokufa hauumi. Fuwele alisimama na damu ikimdondoka kidevuni, akisoma namba. Hakuona huruma wala hakuitafuta. Ilipofika tisini alipiga magoti, akakata kamba moja baada ya nyingine, vizuri, bila kumchana.

Fundi Gesi aliingia akihema, akaona mguu, akaona mkasi, akaona saa mkononi mwa Fuwele. Alikwenda kuzima kengele.

Walimkata Afande mguu juu kidogo ya kifundo. Kituoni, mpelelezi alimtafutia Fuwele njia ya kutokea.

"Kwa hiyo ilimwagika mkiwa mnavutana."

"Haikumwagika. Niliimwaga."

"Ukapata mshtuko, ukachelewa kumsaidia."

"Sikupata mshtuko. Nilihesabu mpaka tisini."

Mpelelezi aliweka kalamu chini, akamtazama, akaiokota tena. Aliandika yote. Afande akafunguliwa kesi yake ya kutaka kuua, na Fuwele ya kwake ya kudhuru mwili, na wote wawili wakapata dhamana wakisubiri tarehe.

Siku moja kabla ya tarehe hiyo Mjomba akaitisha kikao.

Sebule ilikuwa ile ile, meza ile ile. Afande alikuja na magongo mapya na shati jeupe. Alikaa upande upande, mguu mzima ameunyoosha mbele kila mtu auone, kigutu amekificha chini ya kiti. Alikuwa amekonda na alipendeza kidogo, kama watu wanavyopendeza wakitoka hospitali. Mjomba akafungua daftari.

"Nimezungumza na bwana mdogo, amekuwa muungwana sana," alisema. "Yuko tayari kusema pale mahakamani kwamba ule mguu ilikuwa ajali. Dada mtu asifungwe, kazi yake isipotee. Na Kitinda naye aseme alisukumwa tu, hakukabwa. Wote mmeumizana, ngoma droo. Mke arudi nyumbani, mume anahitaji mtu wa kumsaidia sasa. Sioni pa kukataa hapo."

"Sina kinyongo, shemeji," Afande akasema. "Nipeni tu nafasi ya mwisho."

Fuwele alimgeukia mdogo wake. Kitinda alikuwa anamtazama yeye, wala si mumewe. Shingoni alama za vidole zilikuwa zimegeuka njano. Uso wake ulikuwa umetulia kupita kiasi, na Fuwele akaelewa kwamba hesabu ilishapigwa: miaka ya dada gerezani upande mmoja, shingo yake mwenyewe upande wa pili. Mdogo wake alikuwa amechagua kumwokoa dada.

"Basi peaneni mikono," Mjomba akasema.

Afande akanyoosha wake mpaka katikati ya meza, akasubiri. Kitinda akanyoosha wa kwake. Kiwiko kikagoma pale pale. Alisukuma bega mbele, akauma mdomo, na vidole vikakwama hewani, shibiri moja kabla ya kufika. Afande hakujisogeza. Mjomba akakohoa.

Wote watatu wakamtazama Fuwele.

Akapeleka mkono wake kwenye kile kiwiko. Aliusikia mfupa uliounga vibaya, kifundo kigumu chini ya ngozi, na aliusikia mwili wa Kitinda ukijikaza kungoja maumivu. Kitinda hakuomba asisukumwe. Alijikaza tu.

Fuwele akaukunja mkono wa mdogo wake, akaurudisha mapajani, akaufunika kwa wa kwake.

"Mara zile zote mikono ilikutana kwa sababu mimi nilikuwepo," alisema. "Siweki tena. Andika hivyo, Mjomba."

"Dada, watakufunga," Kitinda akasema.

"Najua."

"Nyumba itabaki na pengo!" Mjomba akapaza sauti. "Unataka kubomoa nyumba ya mwenzio kwa kiburi cha usomi?"

"Ibaki nalo."

Afande akatoa mkono mezani. Hapo ndipo alipowageuzia uso mzima, pande zote mbili, kwa mara ya kwanza katika vikao vyote vinne. Akanyanyua gongo moja, akalipiga mezani kwa nguvu zake zote, glasi zikaruka, soda ikamwagikia daftari. Akalinyanyua tena, akasimama akilenga kichwa cha mkewe. Lakini mtu hasimami vizuri kwa mguu mmoja na gongo moja. Aliyumba, akaanguka na kiti chake, na akiwa chini bado alikuwa anampiga Kitinda kwenye miguu kwa lile gongo, anapiga na kutukana, mpaka Fuwele alipolikanyaga.

Mjomba alikuwa amebanana na ukuta, daftari kifuani, soda ikimchuruzikia shati. Aliona kwa macho yake kile ambacho miaka yote alikuwa anakiandika tu.

"Nitasema hayo mahakamani," alisema mwishowe, kwa sauti ndogo. Pengine alisema kweli. Fuwele hakumngoja aape.

Alimwinua mdogo wake. Kesi ilikuwa kesho saa tatu, na ilibidi kutafuta wakili, na shati safi, na kumwachia Kitinda funguo za nyumba. Mlangoni Kitinda alichechemea, akapitisha ule mkono wake uliopinda kwenye mkono wa dada yake. Kiwiko kilishika vizuri, hakikuhitaji kunyooshwa, na wakashuka ngazi hivyo hivyo wawili.